Canon 5D Mark III, Nikon D750 na Sony a7 III zilizotumika sana: ipi inastahili bei inayotajwa?

Kamera iliyokula harusi, send-off na mahafali kwa miaka 6 au 7 haifi siku moja. Inakufa kipande kipande: leo tundu la HDMI linalegea, mwezi ujao raba ya kushikia inabanduka, mwakani pazia la shata, lile linalofunguka na kujifunga ndani ya kamera kila unapopiga picha, linakwama picha ikiwa nusu. Anayeuza anajua kipande kipi kimeanza. Anayenunua anaona tangazo lenye maneno mawili, “ipo vizuri”, na bei chini yake.

Tunaziweka meza moja bodi 3 (kamera bila lenzi) ambazo mpigapicha mwenye bajeti ya kati hukutana nazo mara kwa mara zikiwa zimetoka kazini. Canon 5D Mark III ilitangazwa Machi 2012, megapikseli 22.3, na bodi peke yake ilianza kwa dola 3,499 za Marekani. Nikon D750 ilifuata Septemba 2014, megapikseli 24.3, dola 2,300 hivi. Sony a7 III ilikuja Februari 2018, megapikseli 24.2, dola 2,000 hivi. Zote zina sensa (kipande kinachopokea mwanga wa picha) ya fulu fremu, yaani kubwa sawa na fremu ya filamu ya mm 35. Tazama mpangilio wa bei hizo: iliyokuwa ghali kuliko zote ikiwa mpya siyo ghali kuliko zote leo. Kwa hiyo muuzaji akikutajia alinunua kwa ngapi, msikilize kwa heshima, lakini hiyo namba usiiingize kwenye hesabu yako.

Hesabu tunayoitumia ni hii: anza na bei ambayo bodi safi ya aina hiyo hiyo inauzwa mtaani wiki hii, toa gharama ya kuirudisha kazini kikamilifu, kisha toa kitu kwa ajili ya yale usiyoweza kuyaona. Uchakavu ule ule una gharama tofauti kwa kila moja ya hizi tatu, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Mkwaruzo kwenye kona ya 5D si chochote. Tundu la HDMI lililolegea kwenye a7 III linaweza kumlia fundi siku nzima na kukulia fedha nyingi.

Shata kaunti: inasema nini, inaficha nini

Shata kaunti ni idadi ya mapigo, yaani mara ambazo shata imefunguka na kujifunga. Viwanda vilizipima shata kwa mapigo 150,000 kwa 5D Mark III, 150,000 kwa D750, na 200,000 kwa a7 III. Hicho ni kipimo cha majaribio, si tarehe ya kifo. Shata moja hupita 300,000 bila kukohoa, nyingine ya aina hiyo hiyo ikavunjika kwenye 60,000. Namba inakuambia uko upande gani wa bahati, basi.

Kuisoma namba yenyewe, D750 ndiyo rahisi. Nikon huandika idadi ya mapigo ndani ya kila faili la picha, JPEG na RAW (faili ghafi). Ingiza kadi yako mwenyewe, piga picha moja, ifungue kwenye programu kama ExifTool, utaiona. a7 III nayo huisoma ExifTool kutoka kwenye faili la kamera. Kwa 5D Mark III mambo ni magumu kidogo: Canon haikuiandika namba hiyo kwenye picha, inabidi uunganishe kamera na kompyuta kwa waya wa USB na kutumia programu inayoiuliza kamera yenyewe. Nenda na waya wako, ule wa USB mini wa zamani, kwa sababu muuzaji mara nyingi hanao na utarudi nyumbani bila jibu.

Usikubali kutumiwa picha kwa WhatsApp ili “ukaisome” nyumbani. Picha ikitumwa kwa njia ya kawaida inapunguzwa na taarifa zake zote za ndani zinafutwa. Ikitumwa kama dokumenti taarifa zinabaki, lakini bado hujui ilipigwa lini. Picha ya kuaminika ni ile uliyoipiga wewe, kwa kadi yako, dakika hiyo. Na usidanganywe na jina la faili. IMG_2140 haina maana kwamba kamera imepiga picha 2,140. Hesabu ya majina ikifika 9999 inarudi 0001, na mtu anaweza kuirudisha mwanzo kwenye menyu wakati wowote.

Kisha kuna yale ambayo namba haiyaoni kabisa. Namba inakaa kwenye bodi kuu ya saketi. Bodi hiyo ikibadilishwa, kamera iliyochoka inaweza kuonyesha namba ndogo kama mpya. Kinyume chake pia hutokea: shata imebadilishwa mwaka jana, lakini namba bado inasoma 220,000. Hii ya pili ni kamera nzuri inayoonekana mbaya, na mwenye risiti ya fundi ana haki ya kudai bei yake. Asiye na risiti, mhesabie kama haikubadilishwa.

Video ndiyo inayofichwa zaidi. Siku nzima ya kurekodi haiongezi chochote cha maana kwenye mapigo, ilhali sensa imekuwa ikichemka, skrini imewaka kwa muda wa saa 8, na waya wa HDMI umechomekwa na kuchomolewa kila wiki. Ukikuta a7 III ya mapigo 25,000 tu lakini tundu la stendi chini limekwaruzika hadi chuma kung’aa na kitufe chenye doa jekundu cha kurekodi kimelainika, hiyo ni kamera ya video. Iangalie kwa macho ya video, usiilipe kwa macho ya namba.

Jaribu shata mchana, si dukani chini ya taa

Taa za LED na za mrija hupepesa, nazo zitakuletea mistari myeusi isiyotokana na kamera. Toka nje. Tafuta ukuta mweupe unaopigwa na jua sawasawa. Weka kamera kwenye M (kila kitu unapanga kwa mkono), ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 400, tundu la lenzi f/4, na kasi ya juu kabisa: 1/8000 kwa 5D Mark III na a7 III, 1/4000 kwa D750 maana ndiyo mwisho wake. Kwa D750 shusha ISO hadi 200 mwanga ubaki ule ule. Piga picha 20 mfululizo. Zipitie moja moja kwenye skrini. Zote ziwe na mwanga mmoja. Ikiwa picha 3 kati ya 20 zina giza zaidi, au kuna mkanda wa kivuli juu au chini ya fremu, pazia moja linachelewa. Haitajirekebisha yenyewe. Rudia kwa 1/1000, kisha kwa 1/60, ukishusha ISO na kubana tundu la lenzi ili ukuta usiwe mweupe tupu. Mwisho chomeka flashi, weka 1/200 (Sony inafika 1/250), piga picha 10 ukitazama kama kuna ukingo mweusi.

Kwa D750 mtihani huu ni wa lazima kuliko kwa zote. Mwaka 2015 Nikon ilitoa tangazo la huduma kwamba baadhi ya D750 zina shata inayoweza kutia kivuli sehemu ya picha, na baadaye ikaupanua wigo wa kamera zinazohusika zaidi ya mara moja. Zilizopelekwa zilibadilishiwa shata bure. Kwa mnunuzi wa leo hii ni habari njema na mbaya: D750 iliyopitia huduma hiyo ina shata changa kuliko umri wake, na isiyopitia bado inaweza kuwa na ugonjwa huo. Omba karatasi ya huduma. Wengine watakuonyesha kidoti cheusi ndani ya tundu la stendi. Kidoti hicho kinahusu tatizo jingine la mwanzo, la mng’ao wa mwanga kwenye picha. Hakithibitishi kwamba shata imebadilishwa.

Kwa 5D Mark III sikiliza. Kioo chake, kile kinachopeleka mwanga kwenye kitundu cha kuangalilia, kinapanda na kushuka kwa mlio mmoja mkavu. Piga mfululizo picha 6 kwa sekunde, ndiyo kasi yake. Mlio ukivutika, ukigugumia, au skrini ikaandika Err 20 au Err 30, tatizo ni la kimakanika, kwenye kioo au shata. Err 01 ni nafuu zaidi: kamera na lenzi hazisomani vizuri. Safisha vidoti vya shaba kwa kitambaa kikavu, ujaribu lenzi nyingine kabla ya kuhukumu.

a7 III ina mtego wake, na tunauweka hapa kwa sababu tunaona watu wakiingia ndani yake. Kamera hii inaweza kupiga kimya kabisa bila shata ya chuma kusogea. Pia, inapotoka kiwandani, pazia la kwanza limewekwa liwe la kielektroniki. La chuma linafanya nusu ya kazi tu. Muuzaji anaweza kukupigia picha 50 safi ilhali pazia la kwanza lina ulemavu. Ingia kwenye menyu, zima “Silent Shooting”, kisha zima pazia la kwanza la kielektroniki, mstari unaoanza na “e-Front”. Utasikia mlio ukibadilika, unakuwa mzito. Sasa rudia mtihani wa ukuta. Malalamiko kwamba shata za a7 III hukwama kabla ya kufika 200,000 yalifika hadi mahakamani Marekani, kwa hiyo usiipe namba hiyo ya kiwandani imani kamili. Ikija ujumbe wa “Camera Error” ukakuambia uzime na kuwasha, na ukijirudia hata mara moja mbele yako, acha kamera hapo.

Sensa: vumbi linafutika, mkwaruzo haufutiki

Hapa tofauti ya kioo na kutokuwa na kioo inaonekana wazi. Kwenye 5D na D750 ukitoa lenzi, mbele ya sensa kuna kioo na pazia lililofungwa. Kwenye a7 III ukitoa lenzi unaitazama sensa yenyewe uso kwa uso. Mpigaji aliyekuwa akibadilisha lenzi kwenye uwanja wa vumbi katikati ya sherehe ameingiza mchanga humo, na mara nyingi ameufuta kwa haraka kwa kitambaa kisichofaa, au kwa kona ya fulana.

Kipimo: lenzi kwenye f/22, ISO 100, fokasi ya mkono ivurugwe kabisa, piga anga au karatasi nyeupe huku ukiisogeza kamera kidogo. Kuza picha, pita kona hadi kona. Vumbi ni doa laini la kijivu lisilo na kingo. Mafuta kutoka kwenye shata ya kamera za kioo ni vidoa vidogo vya mviringo, kingo kali kidogo. Vyote viwili husafishwa. Mkwaruzo ni mstari. Unabaki palepale picha zote, na hata baada ya kusafisha upo. Sensa yenye mkwaruzo unaoonekana kwenye f/8 ipunguzie bei kwa ukali, kwa sababu kuibadilisha kunakula sehemu kubwa ya bei ya bodi nzima, hasa kwenye a7 III ambayo sensa yake imebebwa na mfumo wa kuzuia mtikisiko.

Sasa funga kifuniko cha lenzi, zima uondoaji wa chembechembe za picha (noise reduction) wa kamera, piga sekunde 30 kwa ISO 100, kisha sekunde 1 kwa ISO 3200. Utaona nukta za rangi: nyekundu, bluu, nyeupe. Chache ni za kawaida kwa kamera ya umri huu. Kwenye Canon jaribu hivi: weka kifuniko cha bodi, chagua usafishaji wa sensa kwa mkono kwenye menyu, subiri kama nusu dakika hadi dakika moja, uzime. Mara nyingi kamera inazikumbuka nukta mbovu na kuzificha. Nikon kazi hiyo ni ya fundi.

Kitu kimoja usikivumilie: mistari. Leza za kumbi za sherehe, zile zinazochora ukutani, zikiingia moja kwa moja kwenye lenzi huunguza sensa, na alama yake huwa nukta yenye mstari wa rangi unaokata fremu kutoka upande mmoja hadi mwingine. a7 III iko hatarini zaidi kwa sababu sensa yake inatazama nje muda wote kamera ikiwa imewashwa. 5D na D750 ziko hatarini zinaporekodi video. Mstari kama huo kwenye picha ya giza ni mwisho wa mazungumzo ya bei ya kawaida.

Kwa a7 III ongeza jaribio la mfumo wa kuzuia mtikisiko. Washa SteadyShot, rekodi video ukiwa umesimama tu. Picha ikiruka ghafla au ikatetemeka kwenye kona, mfumo umechoka. Ukiizima kamera na kuitikisa kidogo, sensa kugongagonga ndani ni kawaida yake, usishtuke.

Pini za CF, matundu ya pembeni na skrini

Fungua mlango wa kadi wa 5D Mark III, washa tochi ya simu, ielekeze ndani ya tundu la CF (CompactFlash, kadi ya zamani iliyo kubwa kuliko SD). Utaona safu mbili za pini nyembamba kama sindano, jumla 50. Zinatakiwa zisimame kama askari kwenye gwaride, urefu mmoja, umbali mmoja. Moja ikiwa imeinama, hata kidogo, mtu aliingiza kadi kwa pembe au kwa nguvu. Pini ikigusana na jirani yake kamera haiisomi kadi, au inaandika nusu ya picha na kuharibu faili. Kuna wanaoinyoosha kwa sindano. Ikivunjika, kipande kizima cha kusomea kadi kinabadilishwa. 5D iliyobaki na tundu la SD pekee bado inafanya kazi, lakini SD yake ni ya mwendo wa zamani, na umepoteza nakala ya pili ya picha, kitu ambacho kwa kazi ya harusi ni kinga yako. Kumbuka pia kwamba kadi za CF zimekuwa adimu madukani. Muuzaji akikupa CF 2 nzuri, hiyo ni thamani halisi, mlipie.

D750 na a7 III zina matundu mawili ya SD kila moja. Ingiza kadi 2, rekodi zote kwa pamoja, hakikisha zote zina faili. Hapo hakuna zaidi.

Tundu la HDMI: 5D na D750 wana HDMI mini, a7 III ina micro, ndogo na dhaifu. Chomeka waya, uiunganishe na skrini ya nje, kisha utikise waya taratibu. Picha ikikatika, tundu limeachana na bodi ya saketi. Kwenye a7 III iliyofanya kazi ya matangazo mubashara hili ndilo la kutazama kabla hata ya shata.

Skrini ya D750 na ya a7 III zinainuka na kushuka, na waya mwembamba bapa unapita kwenye bawaba. Inue na kuishusha mara 10 ikiwa imewashwa. Ikizimika katika pembe fulani, waya huo umeanza kukatika. Skrini ya 5D haisogei, kwa hiyo haina ugonjwa huo, na hii ni moja ya sababu 5D nyingi zilizochakaa nje bado ni nzima ndani.

Raba: ya Nikon hutanuka kwa jasho na joto, ikaacha kushika na kubonyea kama ngozi iliyolegea. Raba mpya si ghali. Gundi ya supaglu ndiyo mbaya, kwa sababu inaingia kwenye vitufe na inamfanya fundi anayefuata atumie saa nzima kukwangua kabla ya kufungua chochote. Na tazama vichwa vya skrubu, hasa kuzunguka pete ya lenzi na chini ya kamera. Vikiwa vimeliwa au rangi imebanduka, kamera imeshafunguliwa. Kufunguliwa si kosa. Kukataa kusema ilifunguliwa kwa nini ndiyo tatizo.

Kamera ya pwani

Bodi iliyoishi Zanzibar, Mombasa, Tanga au Dar es Salaam ifunguliwe kifuniko cha betri kwanza. Unatafuta unga mweupe au kijani kwenye vidoti vya shaba. Kisha skrubu za pale flashi inapochomekwa, na vishikio vya mkanda. Kutu ya kahawia juu ya skrubu moja ni hali ya hewa. Kutu ndani ya chumba cha betri ni maji yaliyoingia, au miaka ya hewa ya chumvi bila silika jeli, na saketi za ndani zitafuata. Kwenye 5D na D750 chungulia pia kwenye kitundu cha kuangalilia ukielekeza angani: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu. Haingii kwenye picha, lakini inasema lenzi zilizokaa begi moja na kamera hii zinahitaji kukaguliwa.

Betri na lugha

D750 inakwambia ukweli wa betri yake yenyewe: kwenye “Battery info” umri unaonyeshwa 0 hadi 4, na 4 ina maana ya kubadilisha. 5D inaonyesha vijimraba 3 vya kijani. Kikibaki kimoja chekundu, betri imechoka. a7 III inatoa asilimia tu. Betri zisizo halisi mara nyingi hazionyeshi hizi taarifa.

Kama a7 III imeletwa kutoka Japani, iwashe ukaangalie menyu kabla ya kuongea bei. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani peke yake, na hakuna mpangilio wa kuongeza Kiingereza. Inapiga picha sawa na nyingine, lakini siku ya kuiuza utakuwa na wanunuzi wachache sana. Kama inatoka Dubai hilo kwa kawaida si tatizo. Omba risiti tu.

Kuweka namba pamoja

Kwa shata tunakata hivi: chini ya nusu ya kipimo cha kiwanda, hatutoi kitu kwa Canon na Nikon. Kati ya nusu na kipimo chenyewe, tunatoa nusu ya gharama ya kubadilisha. Ikishapita kipimo, tunatoa gharama yote, hata kama inapiga vizuri leo. Kwa a7 III tunaanza kutoa nusu ya gharama kuanzia mapigo 50,000.

Namba hizi ni za mfano wa kuhesabia tu. Za kwako zitoe kwenye matangazo 4 au 5 ya wiki hii na kwa fundi wako. Tuseme 5D Mark III safi inakwenda shilingi 1,000,000 za Tanzania, shata pamoja na ufundi 250,000, raba 40,000, betri 60,000. Yenye mapigo 170,000, raba iliyobanduka na betri nyekundu inabaki na 650,000. D750 safi ya 1,300,000, yenye mapigo 90,000 na waya wa skrini unaokata: toa nusu ya shata 125,000, waya 120,000, inabaki 1,055,000. a7 III safi ya 2,400,000, mapigo 110,000, HDMI imelegea, sensa chafu: nusu ya shata 225,000, HDMI 200,000, kusafisha 50,000, inabaki 1,925,000.

Ukitazama kwa asilimia, 5D imepoteza 35, D750 kama 19, a7 III kama 20. Ndiyo maana 5D iliyochoka haistahili kufanyiwa matengenezo makubwa: gharama ya fundi haishuki pamoja na bei ya kamera. Ikihitaji shata na tundu la kadi kwa pamoja, ihesabu kama ya vipuri, na betri, chaja na kadi zake ndizo zinazobeba sehemu nzuri ya bei.

Muuzaji akikataa mtihani wa ukuta au akasema betri haina chaji, usijaribu kufidia kwa kupunguza bei zaidi. Rudi siku betri ina chaji. Hapo ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ipi kwa nani

Anayepiga picha za mnato tu na ana lenzi za Canon, achukue 5D Mark III yenye nje iliyochakaa na pini 50 zilizonyooka. Ni bodi ngumu, lenzi za EF, zile za Canon, zimejaa mtaani, na bei yake imeshashuka karibu na sakafu, kwa hiyo ukiitumia mwaka mmoja na kuiuza utapoteza kidogo.

Asiye na lenzi yoyote bado, na kazi yake ni picha kwenye kumbi zenye mwanga hafifu, tunampa D750 mbele ya 5D: sensa yake inavumilia kuinua vivuli kwenye RAW kuliko ile ya Canon ya 2012, na betri inakwenda mbali, picha 1,230 kwa kipimo rasmi dhidi ya 950. Sharti ni karatasi ya shata au mtihani wa ukuta uliopita bila doa. Kuiuza tena kutachukua muda kidogo zaidi pale ambapo wapigapicha wengi wana lenzi za Canon.

Anayerekodi video hana sababu ya kuangalia hizo mbili. Zinaishia 1080p, na fokasi yake kwenye video ni ya kuhangaika. a7 III inatoa 4K na fokasi inayofuata uso. Lakini ndiyo yenye vitu vingi vya kuharibika kwa gharama kubwa, na bei yake bado inashuka tangu a7 IV itangazwe Oktoba 2021. Nunua yenye mapigo ya wastani, HDMI imara na sensa safi, hata kama ni ghali kidogo, kuliko yenye bei chee inayohitaji fundi. Kabla ya kulipa, iache irekodi 4K dakika 20 mfululizo ukiwa umeishika, usikilize joto kwenye kiganja, kisha piga tena ile picha ya giza ya sekunde 30. Nukta zikiwa zimeongezeka sana kuliko mara ya kwanza, rudisha. Zikiwa zile zile, andikishaneni: namba ya bodi iliyo chini ya kamera, nakala ya kitambulisho cha muuzaji, tarehe, kiasi, na sahihi zenu wawili.